Mwimbaji na Wabangua Karanga

Kijijini Mlali, kabla mvua hazijaanza, mbegu za karanga hubanguliwa kwa mkono. Mashine ipo, lakini mashine huchubua, na karanga iliyochubuka haioti vizuri. Kwa hiyo wanawake hukaa barazani kwa shangazi yangu, kila mmoja na ungo wake, wanabonyeza ganda kwa kidole gumba, wanatoa punje, wanatupa ganda, na mchana unapita. Hapo, katikati ya maganda, ndipo mzee mmoja wa Kitaliano alipokuwa akileta nyimbo zake mpya.

Alikuja na gitaa mgongoni na ndoo tupu mkononi. Akishasalimu, aliipindua ndoo, akaikalia, akaanza kuimba bila kutangaza chochote. Aliimba kwa lugha yake, mara nyingine kwa Kiswahili, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye mikono ya wale wanawake. Mikono ikisimama, aliukatiza wimbo palepale, akachukua ndoo yake na kuondoka. Mikono ikiendelea, aliimba mpaka mwisho, na siku hiyo alikunywa uji wa shangazi mpaka akakwangua bakuli.

Mara ya kwanza kuliona jambo hili nilikuwa bado shule ya msingi, na nilidhani mzee kachanganyikiwa. Wanawake walikuwa wameacha kazi kumsikiliza. Mmoja alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga. Yeye akanyamaza katikati ya mstari.

"Mbona umeacha?" shangazi akamuuliza. "Ulikuwa umetufikisha pazuri."

"Mmeacha kazi."

"Tumeacha kwa sababu wimbo ni mzuri."

"Wimbo unaowafanya mnitazame mimi una uongo mahali fulani. Naenda kuutafuta."

"Na sisi tuliokwisha kulia je?" akauliza Mama Rehema, jirani yetu, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika. "Machozi haya tuyarudishe wapi?"

Baraza zima likacheka. Mzee naye alicheka, lakini aliondoka, na wimbo ule ulirudi baada ya majuma kadhaa ukiwa mfupi, hauna mapambo, na hakuna aliyeinua kichwa.

Watu wa Mlali walimwita Mwimbaji, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua, na najua pia kwamba angechukia kulikuta hapa. Nakiri kwamba naandika kwa hofu. Mimi ni mtu wa kufuta. Sentensi hii uliyoisoma sasa hivi ilikuwa na dada zake kadhaa na wote nimewaua. Kama kuna mtu aliyepaswa kunifundisha kuacha tabia hii ni yeye, na alijaribu, kwa njia zake ambazo nilichelewa kuzielewa.

Alifikaje Mlali? Alikuja kumtembelea dada yake, mtawa aliyekuwa muuguzi kwenye zahanati, akasahau kurudi. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Kwao alikuwa mtu mkubwa. Yule Sista alimsimulia shangazi kwamba kuna wimbo wa kaka yake ambao dereva yeyote wa teksi huko aliujua, na kwamba watu walijaza kumbi kumsikiliza. Wimbo huo hatukuwahi kuusikia. Mama Rehema alimwomba, akambembeleza, hata akamtishia kumnyima mlenda.

"Ule nimeuacha huko," alijibu. "Una watu wengi wa kuutunza. Hauna haja na mimi."

Kwa nini aliacha kuimba majukwaani, kila mtu Mlali alikuwa na jibu lake, na majibu yote yalitoka kinywani mwa Mwimbaji. Padre aliambiwa ni meno. Shangazi aliambiwa aligombana na viatu vya kuvalia jukwaani. Mwenye duka la pembejeo aliambiwa ni hali ya hewa, na akaamini, maana mtu anayeikimbia hali ya hewa ya Ulaya akaja kulitafuta vumbi la Kongwa lazima awe na sababu nzito.

Mimi nilipewa jibu lingine. Nilikuwa nimekua kidogo, nimeanza kujifundisha gitaa, na nilimkuta anachemsha kahawa katika kibirika cha bati chenye kiuno alichokuja nacho kutoka kwao. Alinieleza kwamba mama yake alikuwa kibarua wa kupalilia mpunga, na wanawake waliingia majini mpaka magotini wakaimba siku nzima, na yeye alijifunza nyimbo zote kabla ya kujua kusoma. Baadaye akawa mtu wa kumbi. Jioni moja, katikati ya wimbo, aliwatazama watu waliokaa gizani, wametulia, mikono mapajani.

"Nikaona wote wana mikono mitupu," alisema. "Hakuna hata mmoja anayefanya kitu. Nikajiuliza, sasa hawa nawasaidia nini?"

Sijui kama hili ni kweli kuliko lile la viatu. Lakini mimi ndilo nililolichagua.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkaidi, mwenye makuu kwa namna ya ajabu. Alijificha, lakini mlango wake ulikuwa wazi kutwa, na ukipita bila kusalimu alinuna siku mbili. Alichukia kusifiwa, na alichukia zaidi ukimsifu mtu mwingine mbele yake. Hakutaka kupigwa picha, ila kwenye kila harusi alijipanga mstari wa nyuma, akanyoosha shingo. Kahawa iliyochemshwa sufuriani aliiita maji ya kuoshea miguu, akiwa mgeni kwenye nyumba ya watu, kikombe mkononi. Kiswahili chake alikiokota kwetu, kwa hiyo kilikuwa na Kigogo ndani kuliko changu. Alisalimia "Mbukwenyi" mpaka kwa watu wa serikali waliotoka Dodoma mjini na faili zao, nao wakabaki wanatazamana.

Kuna kipindi vijana wawili walikuja na kamera kutoka mbali kumtafuta. Walimkuta ameketi nje ya nyumba yake anamenya vitunguu. Akawaambia mwimbaji mnayemtafuta amekwisha kufariki, poleni sana, karibuni kahawa. Wale vijana wakakaa. Alasiri nzima akawasimulia habari za marehemu: sauti alikuwa nayo, lakini mvivu, tena bahili, na nyimbo zake tatu za kwanza zilifanana. Shangazi alipita pale na debe lake la maji, akaulizwa kama naye alimfahamu marehemu.

"Nilimfahamu," shangazi akasema bila kucheka. "Alikuwa na deni la uji kwangu."

Vijana wakaondoka na pole zao. Nilipomuuliza kama hakuona haya, alisema hajadanganya kitu, maana yule waliyemtaka kweli hayupo.

Gitaa lake lilikuwa la mbao nyepesi za kwao, na ukavu wa kwetu ulilitesa. Kiangazi mbao zililia zenyewe, usiku na mchana, zikijivuta. Kwa hiyo alilitundika ukutani na chini yake akaweka beseni la maji ili lipate unyevu. Wakati ambao watu wanakwenda kuchota maji bombani alfajiri na kurudi saa nne, kulikuwa na gitaa Mlali lenye beseni lake binafsi.

"Gitaa lako linakunywa kuliko ng'ombe," shangazi alimwambia.

"Ng'ombe haimbi."

"Lakini ng'ombe analipa."

Akafikiri. Kesho yake maji yale aliyachukua akamwagilia mche wa mpapai wa shangazi, akaweka mengine kidogo, na ikawa desturi: maji yanalala chini ya gitaa, asubuhi yanakwenda kwa mpapai. Gitaa lilipasuka hata hivyo, ufa mrefu chini ya tundu. Nilidhani atalia. Aliuziba kwa gundi na kitambaa, akalipiga, akasikiliza, akasema sasa limeanza kuongea kama mtu wa hapa.

Mimi hakunifundisha. Niseme hivyo wazi, kwa sababu nikicheza mahali huwa naulizwa mwalimu wangu nani, na ningependa kulitaja jina lake nipate heshima ya bure. Nilijifundisha kwa simu, kwa video, kwa kusimamisha na kurudisha nyuma mpaka vidole vikaota sugu. Nyumba yake ilitazamana na ua wetu. Nilikaa jikoni kwa shangazi na kupiga, na yeye alikuwa na dirisha. Ikawa nikikosea, dirisha linafunguka. Nikipiga sawasawa, kama kwenye video, dirisha linafungwa. Kwa muda mrefu nilidhani anafungua ili aone nilivyoharibu. Nilianza kuliogopa dirisha lililofunguka kama watoto wanavyoogopa fimbo. Siku niliyompelekea mboga nikajipa moyo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwenzangu." Watu wote aliwaita wenzake, hata watoto wa chekechea.

"Kwa nini unafungua dirisha nikikosea?"

"Ili nisikie."

"Na nikipatia?"

"Ukipatia nasikia baridi. Nafunga."

Nilirudi nyumbani na hasira. Nilifanya mazoezi zaidi, nikapatia zaidi, na dirisha likakaa limefungwa karibu mwaka mzima.

Sasa niseme kuhusu wimbo wangu, kwa sababu bila huo nisingekuwa na sababu ya kuandika haya.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa stesheni ya Gulwe. Treni ikisimama, alikimbia na sinia la mayai ya kuchemsha na karanga kichwani, akauza dirishani. Ndiyo maana nililelewa na shangazi, dada wa baba: kwenye reli hakuna mahali pa kumwekea mtoto. Misimu ya mvua kubwa mto ulipokata reli, treni haikuja, lakini mama alikwenda stesheni hivyo hivyo, akatandika kitenge, akapanga mayai, akakaa. Nilimuuliza alikuwa anamngoja nani. Akasema, "Siku itakayopita bila mimi ndiyo hiyo treni itakapokuja." Alifariki nikiwa kidato cha tatu.

Nilianza kumtungia wimbo mwaka uleule. Nikamaliza shule, nikapata kazi Dodoma ya kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno, nikapanga chumba Area D, na wimbo ulikuwa bado haujaisha. Kazi yenyewe ilinizidishia ugonjwa. Kutwa nasikiliza watu wakijikwaa, nasafisha. Jioni nasikiliza sauti yangu kwenye simu, najikuta najikwaa, nafuta. Ubeti wa mayai niliubadilisha mpaka sikukumbuka tena ulivyokuwa. Nilialikwa kuimba kwenye sherehe ya wenzangu wa ofisini, nikasema nina mafua. Mwaka uliofuata nikasema nina mafua tena. Hakuna aliyewahi kuusikia wimbo ule. Nilijiambia ni kwa heshima ya mama, kwamba siwezi kumpa kitu chenye ufa. Lakini mama angekuwa hai angeuliza wimbo uko wapi, na ningemjibu nini? Nilianza kuogopa kwamba nitazeeka nao, kisha tutakufa wote wawili, na Gulwe itabaki bila mtu wa kuisema.

Mwaka jana, karanga zikiwa ndiyo kwanza zimetolewa ghalani kubanguliwa, shangazi alinipigia simu.

"Mwimbaji anaondoka," alisema. "Sista amezeeka, wanamrudisha kwao, na kaka yake anakwenda naye. Gari linawachukua Jumamosi."

"Nitakuja kumuaga."

"Njoo. Lakini ujue, masikio yamekwisha. Ukimwita hageuki mpaka umshike."

Nililia kidogo kwenye kiti cha ofisini, na nilijua silii kwa ajili yake peke yake. Kila nilipojiona nikiumaliza ule wimbo, alikuwepo yeye dirishani, anausikia. Nilikuwa nimechelewa. Hata hivyo nilibeba gitaa. Sikujua nalibebea nini.

Jumamosi asubuhi niliwakuta barazani kama ilivyo kila mwaka: shangazi, Mama Rehema, na wanawake wengine sita au saba, nyungo mapajani. Mwimbaji alikuwa ameketi katikati yao juu ya ndoo yake, anabangua. Alikuwa mbaya sana katika kazi ile. Punje zake nyingi zilitoka vipande, na Mama Rehema alikuwa akizichagua kimyakimya na kuziweka kando za kupikia. Amevaa koti la safari. Gitaa lake lenye ufa lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta wa shangazi, na beseni chini yake.

Nilimgusa bega. "Shikamoo, Babu."

Aliona midomo. "Marahaba, mwenzangu." Akaliona gitaa. "Imba."

"Haujaisha."

Hakusikia, au alijifanya. Alirudi kwenye ganda lake.

"Ameshasema," Mama Rehema aliniambia. "Au na leo una mafua?" Kumbe habari za mafua zilikuwa zimefika Mlali.

Nikakaa. Nikaanza. Kwenye mstari wa pili kidole kiliteleza, nikafanya kama ninavyofanya chumbani: nikasimama, nikasema samahani, nikaanza upya. Kisha neno moja halikunikalia vizuri, nikasimama tena. Nilipoinua macho, mikono yote ilikuwa imesimama. Wanawake wote walikuwa wananitazama mimi, kwa upole, kwa huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwimbaji aliitazama mikono yao, kisha akayageuza macho nje, uani, kwenye mpapai. Nilitamani kuchukua ndoo yangu niondoke, ila ndoo ilikuwa yake.

"Binti yangu," shangazi akasema, "sisi tuna mbegu za kubangua. Wewe imba tu, tutakukuta mbele."

Wakacheka, na mikono ikarudi kazini. Nikaanza mara ya tatu. Safari hii sikutazama vidole vyangu, niliyatazama maganda yanavyoanguka. Nilikosea palepale nilipokosea mwanzo. Nikapita. Nilikuja kwenye stesheni, kwenye kitenge kilichotandikwa, kwenye reli iliyokatwa na maji, na pale kwenye kiitikio ninapoimba "Mama, treni haiji leo," Mama Rehema akaingia na sauti yake nzito ya pili, macho yake kwenye ungo. Lakini hakuimba mama. Aliimba "Dada, treni haiji leo."

Ningependa kukwambia nilifurahi. Nilishtuka, nikataka kusimama nimsahihishe. Nimetunga miaka yote hii, neno la kwanza kabisa la kiitikio, na mtu analibadilisha mbele yangu. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka kusema hapana. Kisha kiitikio kikarudi, na shangazi naye akaingia, sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake nje ya kanisa. Yeye aliimba "Wifi, treni haiji leo."

Maana alikuwa wifi yake. Na kwa Mama Rehema alikuwa dada. Walichota maji pamoja hapa hapa Mlali, kabla ya Gulwe. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia ndani ya neno langu moja, ninamsafisha. Wanawake wengine wakashika, kila mmoja akimwita alivyomwita, mama na dada na wifi yakipanda juu ya mahali pamoja, na yakatosha. Maganda yakaendelea kuvunjika, tak, tak, na nikagundua kwamba mapigo tumeshayafuata sote bila mtu kuyapanga.

Nilimtazama Mwimbaji. Hakuwa anasikia hata neno. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anausoma wimbo wangu kwenye mikono yao, kutoka mkono huu hadi ule, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja. Kidole chake kilikuwa kinagonga ukingo wa ndoo. Kilikuwa pamoja nasi kabisa.

Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama Rehema alisema ungo wake umejaa, nani ana mwingine.

"Umekwisha," Mwimbaji aliniambia. Akanyoosha mkono ukutani. "Na lile ni lako. Maji usilinyime."

"Na mpapai?" shangazi akauliza kwa sauti kubwa, akimwonyesha kwa kidole.

"Asubuhi, kama kawaida."

Honi ikalia barabarani. Sista alikuwa ameketi mbele, mdogo kama mtoto, anatupungia. Mwimbaji aliwashika mikono wanawake mmoja mmoja, kisha akachota karanga zenye maganda viganja viwili, akajaza mifuko ya koti. Mama Rehema akamwambia huko Ulaya wana mashine. Hakusikia.

"Tena," akaniambia mimi, akielekea nje.

Nikaanza tena. Wanawake wakaingia mapema zaidi mara hii, na kuna mtu aliongeza ubeti mzima kuhusu shati ambalo mama yangu aliwahi kumpa, ubeti usio na vina, na sikumzuia. Tuliimba tukimtazama anavuka ua, mgongo umepinda, maganda yakidondoka nyuma yake kwenye vumbi. Alipanda garini bila kugeuka. Dirisha la nyuma lilifunguka, likabaki wazi, na gari likaondoka. Hakutupungia. Mikono yake ilikuwa na kazi.